Damu Niliyoipunguza Ubaoni

Mtakaosoma karatasi hizi mtanisamehe. Niliishia darasa la nane, mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya Mathare, na kuna maneno ambayo nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Sista Mwanaisha ndiye aliyesema niandike, na nikamwambia sijui kuandika, akasema, "Sikukuuliza kama wajua."

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Najua inachekesha. Glavu ndizo zilizonistaafisha. Unga na mpira wake ulianza kunichubua mikono, halafu ukaingia kifuani, mpaka siku moja nikakosa pumzi mlangoni pa thieta, chumba cha upasuaji, nikiwa sijagusa kitu. Daktari wa wafanyakazi aliandika kwamba nisiingie tena. Basi nauza omena, wale dagaa wadogo, pamoja na mama yangu kwenye soko la Gikomba, na ninyi mnaoanza kazi yangu niliyoiacha, ya kupima damu kwenye upasuaji wa ini, ndio ninaowaandikia.

Niliingia hospitali hiyo kama msafishaji. Jina lake silitaji. Ni ya huku kwetu Eastlands, na kutoka nyumbani Lucky Summer nilikuwa naenda kwa miguu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa naogopa watu. Si kuogopa kupigwa, ni kuogopa kutazamwa. Nikiulizwa jina nilikuwa najibu nikiangalia ndoo. Thieta ilinifaa kwa sababu kila mtu amefunika uso.

Mwezi wa pili msaidizi mmoja aliacha kazi, na Sista Mwanaisha, mkuu wa wauguzi wa thieta, akaniita. Ni mama wa Majengo, mwembamba, anavaa mtandio mweupe chini ya kofia ya thieta, na hajawahi kurudia neno mara mbili.

"Nyambura, wajua kutumia mizani?"

"Mama anauza omena, Sista."

"Basi wajua kuliko hawa wenye diploma. Njoo."

Upasuaji wangu wa kwanza wa ini sitausahau. Ini nililolijua ni lile la buchari, limelala kwenye sinia, jeusi, limetulia. Lile la mtu aliye hai linang'aa. Halafu linapanda na kushuka, kwa sababu liko chini ya mapafu na linafuata pumzi. Hakuna aliyeniambia hilo. Nilishtuka nikashika ukuta. Daktari akaanza kukata, damu ikaja, si kwa kuruka kama nilivyodhani, bali kwa kujaa, kama maji yanavyopanda kwenye karai wakati huangalii. Nikajua yule mama aliyelala mezani amekufa na watu hawa wanaona haya kusema. Jioni aliomba chai. Tangu siku hiyo sijala maini, na mama huninunulia nyama ya kawaida bila kuuliza.

Sista alinifundisha kazi kwa siku tatu. Damu inayopotea huenda sehemu mbili. Nyingine inafyonzwa na mashine na kuingia kwenye chupa yenye mistari. Hapo unasoma mstari, halafu unatoa maji yote ambayo daktari ametumia kuosha, kwa hiyo kila jagi la maji linaloingia mezani lazima uliandike kabla halijamwagwa. Nyingine inanywewa na paki. Paki ni kile kitambaa kikubwa cha shashi ambacho daktari anakandamiza nacho ini. Paki kavu ina gramu thelathini. Ikilowa unaipima, unatoa thelathini, na kila gramu iliyobaki unaihesabu ni mililita moja ya damu. Unapima tano kwa mara moja, kwa hiyo unatoa mia na hamsini. Unaandika ubaoni kwa kalamu nyekundu. Ukimaliza unaangalia na sakafuni, na chini ya shuka za kijani, kwa sababu damu hupenda kupita pembeni na kujaa kwenye viatu vya daktari. Niliwahi kumimina viatu vya Daktari Gitau kwenye jagi mbele yake. Aliangalia mstari akasema hajui kama ashukuru.

Huyo Daktari Gitau ndiye mpasuaji wetu. Ni mtu mpole mpaka akishika kisu, halafu anakuwa mpole zaidi, na hapo ndipo watu wanaanza kumwogopa. Daktari wa usingizi ni Daktari Naliaka. Yeye ndiye aliyenieleza kitu ambacho nyote mnapaswa kukijua kabla ya kushika mizani. Nilimwona siku moja amefunga dripu karibu yote wakati mgonjwa presha yake iko chini. Nilidhani amesahau. Alikuwa ameona macho yangu.

"Unaniona mbaya, sindio?" akasema. "Sikia. Mishipa ya ini ikijaa, daktari akikata inatapika. Kwa hivyo namkausha huyu mtu kidogo, makusudi, mpaka ini likatike. Presha ikiwa chini, ni mimi nimeiweka."

"Na ikiwa chini kwa sababu ya damu?"

Aligeuka akaniangalia. Nafikiri hakuwa amewahi kunisikia nikiuliza kitu.

"Hapo ndio mashine zangu hazinisaidii. Hapo naangalia ubao wako."

Kazi yangu nyingine ilikuwa saa. Mishipa inayopeleka damu kwenye ini inapita sehemu moja, na daktari anaizungushia utepe na kuibana. Ikibanwa, ini halipati damu, kwa hiyo huwezi kukaa hivyo sana. Kwetu ilikuwa dakika kumi na tano kubana, dakika tano kuachilia, halafu tena. Mimi nilikuwa naita dakika kwa sauti. Wiki za kwanza Daktari Gitau alikuwa akisema, "Kuna panya anahesabu huko nyuma?" Nikajifunza kusema kwa nguvu kidogo. Namba si kama maneno. Namba mtu anaweza kuisema hata akiwa anaona haya, kwa sababu si yake.

Nilifanya hivyo miaka saba bila aibu yoyote ya kuwaandikia. Sasa nifike kwa Baba Mueni.

Alikuwa fundi wa vitanda Gikomba, mtu wa miaka hamsini hivi, mikono kama mbao zake. Alikuwa na uvimbe upande wa kulia wa ini. Otis, anayesukuma machela, alimleta asubuhi wakiwa wanabishana.

"Siz, niaje," Otis akanisalimu. "Huyu mzee anasema machela yetu imepigiliwa vibaya."

"Imepigiliwa na mtu alikuwa anakimbilia chakula," Baba Mueni akasema. "Angalia hii pembe. Mimi nikitoka hapa nitawatengenezea." Halafu akaniangalia mimi. "Na wewe dada unafanya nini humu?"

"Napima damu."

"Pima vizuri. Ni hiyo tu niko nayo."

Otis akacheka. Mimi nikaangalia chini kama kawaida yangu.

Asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumeletewa mizani mpya. Ile ya zamani, yenye mshale, ilikuwa imekufa wiki iliyopita na tulikuwa tunaazima ya wodi ya watoto. Hii mpya ilikuwa ya namba zinazowaka, na ilikuwa na kitufe cha kurudisha sifuri. Hakuna aliyenifundisha kitufe hicho, lakini mimi ni mtoto wa sokoni. Mama huweka mkebe mtupu kwenye mizani yake, anarudisha mshale kwenye sifuri, halafu ndio anamimina omena, na mteja halipii mkebe. Nikachukua beseni, nikaweka paki tano kavu ndani, nikabonyeza. Sifuri. Nikatoa zile kavu. Sasa mizani yenyewe ingetoa uzito wa vitambaa, na mimi ningesoma damu tu. Nilijiona mwerevu. Nilitaka kumwonyesha Sista, lakini alikuwa ameshanawa na kuvaa gauni, amesimama mezani kando ya daktari, na mtu aliyenawa kwa upasuaji haondoki mezani kuja kuangalia mizani.

Kabla ya kukata, Daktari Naliaka alisema mpango wake ili wote tusikie. "Mifuko miwili ya damu iko kwenye friji hapa, mingine iko maabara. Namkausha. Ubao ukifika lita mbili, nafungua kila kitu na naanza kumwongeza."

Uvimbe ulikuwa umekaa karibu na mshipa mkubwa kuliko picha ilivyoonyesha. Damu ilikuja mapema. Paki tano za kwanza zilisoma mia tatu na hamsini. Nikachukua kalamu, nikatoa mia na hamsini, nikaandika mia mbili ubaoni. Tano za pili vivyo hivyo, na za tatu, na za nne, na za tano. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake ya miaka saba. Haukuniuliza. Mizani ilikuwa imeshatoa uzito wa vitambaa, na mimi nikautoa tena, mara tano. Chupa ilikuwa na mia sita baada ya kutoa maji. Ubao ukasoma elfu moja na mia sita.

Daktari Gitau akabana utepe kwa mara ya pili. Nikaangalia saa.

Kwenye dakika ya tisa Sista alinirushia paki tano nyingine, fungu la sita. Hizo zilikuwa zimefuta tu, zina alama nyekundu hapa na pale. Mizani ikasoma tisini. Nikatoa mia na hamsini.

Haikutoka.

Nikajaribu tena, nikidhani nimesoma vibaya. Tisini. Ukitoa mia na hamsini kwenye tisini, unapata kwamba mgonjwa ameongezwa damu na kitambaa. Nikaangalia beseni, nikaangalia kitufe, nikaelewa. Paki ishirini na tano, kila moja nimeipunguza gramu thelathini za bure. Mia saba na hamsini. Mtu huyu alikuwa ameshapita lita mbili kitambo, na dripu yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ubao wangu.

Nataka niwaambie kwamba nilisema hapo hapo. Fomu ya kwanza ya kuripoti kosa, iliyoandikwa baadaye, ilisema hivyo.

Daktari Gitau alikuwa anaongea na Sista polepole, "Nipe nyingine. Nyingine. Shika hapo." Daktari Naliaka alikuwa ameinama juu ya mashine yake. Moyo wa mgonjwa ulikuwa unakwenda mia na kumi na presha iko chini, na nilimsikia akijisemea, "Tuko sawa, ni mimi nimekukausha." Nilifuta lile jibu ambalo halikutoka. Nikaliandika tena. Nikafuta. Saa ikafika.

"Kumi," nikasema.

"Asante," Daktari Gitau akasema.

Nilifikiri kwanza nihakikishe. Nikapima paki tano kavu, ikasoma sifuri. Mizani haikudanganya. Nikafikiri nisubiri Daktari anyamaze. Hakunyamaza.

"Kumi na moja."

Nikafikiri nimwandikie Sista karatasi. Mikono ya Sista ilikuwa tumboni mwa mtu.

"Kumi na mbili."

Hebu mnielewe. Nilikuwa nafungua mdomo na sauti inatoka, safi, kila dakika. Namba ya saa ilikuwa inatoka. Ile nyingine ilikuwa imekaa kooni kama mfupa. Nilijua kwamba ikifika kumi na tano Daktari ataachilia utepe, na damu itarudi kwenye ini lililokatwa, na mtu asiye na damu ya kutosha atamwaga nyingine. Nilijua hayo yote. Bado nilikuwa nawaza jinsi vichwa vitakavyogeuka.

"Kumi na tatu," nikasema, halafu, "Ubao ni uongo."

Vichwa viligeuka.

"Nani amesema?" Daktari Gitau akauliza.

"Mimi. Nimepunguza mara mbili. Si elfu moja mia sita. Ni elfu mbili, mia nne na arobaini."

Nilingoja kutukanwa. Daktari Gitau hakuniangalia tena. Aliweka kiganja chake chote juu ya ini, akakandamiza, akasimama hivyo. "Siachilii kitu," akasema. "Naliaka, chukua muda wako."

Daktari Naliaka alikuwa ameshafungua dripu zote. "Otis," akaita, bila kupaza, "maabara, damu mifuko minne, na usitembee." Otis akatoka mbio. Presha ilishuka mpaka mashine ikaanza kulia, na Daktari Naliaka akawa anaminya mfuko wa damu kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo. Kwenye dakika ya kumi na nane, utepe ukiwa bado umebanwa na mimi bado naita, presha ilianza kupanda. Daktari akaachilia kwa kidole, kidogo kidogo. Damu ilikuja, lakini ilimkuta mtu mwenye nyingine.

Baada ya hapo Sista alivua gauni, akaja kwenye mizani, akabonyeza kitufe kile mara mbili tatu akitazama namba. "Umegundua lini?" akaniuliza.

"Sasa hivi, Sista."

Akaandika hivyo kwenye fomu: kosa liligunduliwa na likatangazwa mara moja.

Baba Mueni hakufa. Figo zake ziligoma siku sita, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili, na akavimba uso mpaka mkewe hakumtambua. Nilikuwa nikipita mlangoni pa wodi ya mahututi kila asubuhi, nasoma mfuko wake wa mkojo kwa mbali. Siku ya saba ulikuwa na mkojo.

Daktari Gitau alisema mgonjwa lazima aambiwe, na niende naye. "Nitaongea mimi," akasema. "Wewe simama tu." Tulikwenda watatu, yeye, Sista na mimi. Baba Mueni alikuwa ameegemea mito, mkewe Mama Mueni ameketi kando ameshika kikombe cha uji. Daktari akaeleza vizuri, kwamba kulitokea hitilafu ya hesabu ya damu, kwamba ilichelewesha matibabu, kwamba anaomba radhi.

"Hitilafu kama ngapi?" Baba Mueni akauliza.

"Mililita mia saba na hamsini."

"Hizo mimi sizijui, daktari. Mimi ni mtu wa futi na inchi. Nionyeshe."

Daktari akasita. Mimi nikachukua jagi lililokuwa juu ya kabati, nikalijaza maji kwenye sinki mpaka kwenye mstari, nikaliweka mezani mbele yake. Akaliinua, akalipima kwa mkono kama anavyopima ubao, akaliweka.

"Hii yote ilitoka na hamkuiona."

"Mimi ndiye niliyeificha," nikasema. "Bila kujua."

"Na ulijua lini?"

Sista alikuwa ameshafungua mdomo anijibie. Fomu ilikuwa mkononi mwake. Sijui nini kilinipata. Labda ni lile jagi.

"Nilijua dakika nne kabla sijasema."

Daktari Gitau alinigeukia. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, kabla wala baadaye. Sista aliishusha fomu polepole.

"Dakika nne ulikuwa unafanya nini?" Baba Mueni akauliza. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua.

"Nilikuwa nahesabu dakika."

Mama Mueni akaweka kikombe chini. Alinitazama kuanzia miguuni. "Wewe mtoto," akasema, "ulikuwa unaogopa nani, na huyu amelala?"

Baba Mueni aligeuza uso ukutani, na Sista akanishika mkono tukatoka. Kwenye korido Daktari aliniambia, "Ungeniambia," na mimi nikasema, "Ndiyo, Daktari," na sote tulijua kwamba hilo ndilo hasa nililoshindwa. Fomu iliandikwa upya. Waliniacha kazini. Nafikiri nilitaka wanifukuze.

Kuanzia wiki hiyo Daktari Gitau alibadili mambo mawili, na mtayakuta. Mizani inakaguliwa na watu wawili kwa paki kavu kabla mgonjwa hajaingia, na karatasi iliyobandikwa juu yake inasema ni nani anayetoa uzito wa kitambaa, mizani au mkono, kamwe si wote wawili. Na utepe hauachiliwi mpaka yeye amuite mpimaji kwa jina na kumuuliza, "Kuna kitu hujasema?" Mara ya kwanza aliponiita hivyo, masikio yaliwaka moto. Mara ya ishirini nilimjibu, "Kipo, Daktari, chini ya shuka upande wako kuna dimbwi," na hakuna kichwa kilichogeuka. Niliifanya kazi hiyo miaka miwili zaidi, mpaka glavu zikanishinda.

Baba Mueni bado yuko Gikomba. Kibanda chake hakiko mbali na meza ya mama. Hununua omena, husalimia, hajawahi kuniambia amenisamehe na mimi sijawahi kumwomba. Mama Mueni hupita bila kusimama.

Sasa naomba kitu kwenu. Mnisahihishe mahali nilipokosea hesabu, na mniandikie mnavyopima ninyi kwenye thieta zenu. Barua mwachieni Otis, atanifikishia. Lakini zaidi ya hayo, yule ambaye amewahi kusimama na namba kooni aniandikie zilikuwa dakika ngapi, hata asipoweka jina. Na kama unalijua jibu la swali la Mama Mueni, usilikalie. Mimi nimelitafuta zaidi ya miaka miwili, na nimepata hiki tu: niliogopa kutazamwa na walio macho, sikumwogopea yeye aliyelala.